Waliomtunza Mpigania Uhuru

Machi 1955 Julius Nyerere alirudi Tanganyika kutoka New York, alikokwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akatakiwa na wakuu wake wa shule ya Pugu achague moja, ualimu au siasa. Akajiuzulu. Kisa hiki anakijua kila aliyesoma historia ya Tanganyika, na karibu kila anayekisimulia huishia kwenye kujiuzulu, kisha akaruka hadi Desemba 1961 na bendera mpya. Lakini kati ya barua na bendera kuna miaka sita na miezi kadhaa ya asubuhi za kawaida. Mwalimu mwenye mke na watoto wadogo, aliyepoteza mshahara na makazi ya shuleni kwa mkupuo mmoja, mwezi wa Aprili alikula nini? Alilala wapi? Na wenzake katika kazi hiyo, makatibu wa matawi, wauza kadi, waliopanda malori kwenda kuhutubia vijiji wasikokuwa na ndugu, nani aliwapokea, nani aliwafulia nguo, na walipopata homa nani aliwakalia kitandani? Ninaloshikilia ni kwamba majibu ya maswali haya ni sehemu kubwa ya historia ya uhuru, sehemu iliyoachwa uani. Harakati za Tanganyika zilidumu kwa sababu watu wake walitunzwa, na walitunzwa kwa taratibu ambazo mji ulikuwa nazo kabla chama cha TANU hakijazaliwa: taratibu zenye viongozi, zamu, michango na deni la kulipana. Zilipodhoofishwa baada ya uhuru, miongoni mwa walioumia walikuwa walewale waliozisimamia.

Kwanza tuangalie nani aliweza kuishika kazi hii. Waraka wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, na TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya TAA, chama kilichoitangulia, pale New Street, Kariakoo, katazo hilo likaiangukia. Maana yake, makarani, waganga wasaidizi na watumishi wengine, yaani wale wachache waliokuwa na hakika ya mshahara kila mwisho wa mwezi, ndio waliofungwa mikono. Aliyebaki huru kujitokeza ni yule ambaye serikali haikuwa na cha kumnyang'anya: dereva wa teksi, fundi cherehani, muuza samaki, mama wa vitumbua, mpika pombe, mwenye nyumba anayepangisha vyumba viwili vitatu. Mara nyingi jambo hili huelezwa kwa upande wa ujasiri, kwamba watu hawa hawakuwa na cha kupoteza. Mimi nalitazama kwa upande mwingine. Walikuwa na kitu ambacho karani hakukihitaji sana. Kwa kuwa walizoea kuishi bila mshahara, walikuwa wamejijengea, kwa miongo kadhaa, njia za kuhakikisha kwamba mtu asiye na mshahara hafi njaa, halali nje, na hazikwi na manispaa.

Njia hizo tunazijua kwa majina yake. Kulikuwa na upatu, ambao bado upo, watu kumi wakichanga na mmoja akipokea, zamu kwa zamu hadi mzunguko uishe. Kulikuwa na vyama vya kuzikana vya watu waliotoka sehemu moja. Na kulikuwa na ngoma, ambazo mtu wa nje alizitazama akaona burudani tu. Beni za Marini na Arinoti, zilizotoka pwani zikaenea bara hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zilijulikana kwa sare na vyeo vya kijeshi, lakini nyuma ya vyeo hivyo kulikuwa na utaratibu wa kumchangia mwanachama aliyeugua na kumsitiri aliyefariki. Lelemama ya wanawake, ambayo mwanahistoria Margaret Strobel aliifuatilia kwa kirefu Mombasa, ilikuwa na mpangilio wa namna hiyohiyo: viongozi wenye vyeo, ada, adabu zake, na karamu za ushindani ambazo kikundi kiliweza kuchinjia ng'ombe ili kuwashinda wapinzani. Dar es Salaam, ambayo kwa sensa ya 1957 ilikuwa na watu wapatao 129,000 tu, ilikuwa na vikundi vingi vya aina hii, Bomba, Roho Mgeni, Al Watan, Egyptian, Good Luck na vinginevyo.

Ngoma hizi tuzisogelee karibu, maana ndani yake mna neno lililobeba hoja yangu yote. Wanawake wamesimama safu moja, kanga za doti moja, mikono na mabega yakienda polepole kwa pamoja, ala ya upatu inagongwa, mwimbaji anaongoza na wenzake wanaitikia. Shairi linapofika mahali pake mtu hutoka miongoni mwa watazamaji akaenda mbele, akampa mwimbaji fedha mkononi au akaipachika kwenye vazi lake mbele ya macho ya wote. Kitendo hicho kinaitwa kutunza. Na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa mgonjwa, kwa mzazi aliyezeeka, kwa mtoto wa marehemu: fulani anamtunza. Sidhani kama ni jambo la bahati tu. Yule anayepokea tunzo leo ndiye aliyetoa juzi, na waliomwona akipokea watamkumbuka zamu yake ya kutoa itakapofika. Ikiwa wiki ijayo atafiwa na mumewe, wale wa safu yake ndio watakaokuja kukaa matangani, kupika, kuchota maji, na kumliwaza katika eda hadi siku zitimie. Kutunza kulikuwa kitendo cha hadharani, chenye hesabu, na kilimpa mpokeaji heshima. Hakikumfanya maskini mbele ya aliyempa.

Sasa turudi kwenye siasa. Katikati ya mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Tanganyika, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Jibu la chama lilikuwa kumwendea Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa miaka 29, mwenye elimu ya miaka michache, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16. Namba 15 ilikuwa ya mumewe, Boi Selemani, dereva wa teksi. Bibi Titi hakuanza kwa kupita mlango kwa mlango. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, na kila kiongozi akawaita watu wake. Kufikia Oktoba mwaka huohuo wanawake 5,000 walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Hesabu hii hutajwa kama ushahidi wa kipaji chake cha kuhutubia, na kipaji hicho alikuwa nacho kwelikweli. Lakini hotuba peke yake haiwezi kuandikisha watu 5,000 kwa miezi michache katika mji mdogo kiasi kile. Kilichoingia TANU katika miezi ile ni vikundi vizima, na viliingia na mifuko yake, vyungu vyake, wapishi wake na mazoea yake ya kulala msibani. Chama cha wanaume waliozoea mikutano na kumbukumbu za mikutano kikawa ghafla kimepata watu wanaojua kumpokea mgeni saa nne za usiku bila kumuuliza atakaa siku ngapi.

Kazi waliyoifanya wanawake hao iliandikwa na Susan Geiger, ambaye alianza kumhoji Bibi Titi mwaka 1984 na kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kikatoka 1997. Waliuza kadi, wakawafichia kadi wanaume waliokuwa watumishi wa serikali, wakachangisha fedha kwa ngoma, wakapika kwenye mikutano, wakawapokea wasafiri, wakalinda. Ukitaka kuona ilivyowezekana, itazame nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni. Mlango wa mbele unafungukia ukumbi mwembamba unaoikata nyumba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na mwisho wake uani, ambako ndiko kwenye jiko, bafu, choo, kamba za nguo, mawe ya kufulia na wanawake wa vyumba vyote sita wakipika kila mmoja na sufuria yake. Mgeni akilala chumba cha kwanza, uani wanajua kabla ya alfajiri. Ugali ukiongezwa kidogo kwenye kila sufuria, mtu wa saba amekwisha kupata chakula na hakuna chumba kilichopungukiwa. Nyumba ya namna hii ni chombo cha kugawana mzigo, na mwanaharakati asiye na mshahara ni mzigo, hata kama anapendwa. Tuseme wazi hivyo, maana kuficha ugumu wa kumlea mtu wa namna hiyo ni kuwanyima sifa yao waliomlea.

Hapo mtu anaweza kunikumbusha methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa Mswahili una kikomo, na kazi ya kudai uhuru haikuwa ya siku mbili. Ni kweli, na ndiyo maana nasema kulikuwa na utaratibu na si ukarimu mtupu. Mtazame Nyerere mwenyewe katika miezi ile. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, ameeleza jinsi familia hiyo ya Kariakoo ilivyompokea nyumbani kwao. Kisha Nyerere alikwenda kwao Musoma kwa miezi kadhaa, akawafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki kwa malipo, akarudi Dar es Salaam Oktoba. Mama Maria, ambaye katika simulizi nyingi huonekana amesimama tu kando ya mumewe, alifungua duka dogo la mafuta ya taa Kariakoo, akipima chupa kwa chupa kwa majirani. Hilo ndilo jembe la methali. Mgeni alipewa jembe, na aliyelishika ni mkewe. Mzigo wa familia moja ukagawanywa kwa rafiki mwenye nyumba, kwa mapadre waliohitaji mwalimu, kwa wateja wa mafuta ya taa, na baadaye kwa chama kilichopata nguvu kidogo ya kumshika mkono. Hakuna mmoja kati yao aliyembeba peke yake, na kwa hiyo hakuna mmoja aliyechoka kiasi cha kumtua.

Utaratibu huohuo ulionekana kwa kipimo kikubwa zaidi mwaka 1958. Nyerere alishitakiwa kwa kashfa kutokana na makala iliyochapwa katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa wilaya. Wakili D. N. Pritt, yuleyule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, alitoka London kuja kumtetea. Mahakama ilimtia hatiani, ikampa hiari ya kulipa faini ya pauni 150, ambazo ni shilingi 3,000, au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa kwa michango. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa umekaribia, na kiongozi aliye gerezani asingeweza kuusimamia, hivyo mchango ule ulinunua muda wa mtu mmoja katika miezi iliyokuwa ya maana kuliko yote. Aliyechanga senti hamsini hakuwa anafanya jambo jipya. Alikuwa amechanga hivyohivyo mwaka uliopita kwa jirani aliyefiwa.

Wapo watakaosema kwamba naipa mboga hadhi ya silaha. Watasema uhuru uliletwa na msimamo wa watu wachache, na mabadiliko ya dunia, na Umoja wa Mataifa, na kwamba mtu mwenye msimamo atakula majani na aendelee. Msimamo siupuuzi. Lakini watawala waliopambana na watu wenye msimamo walijua jambo ambalo wasifu wa mashujaa haulijui. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani lilipoona risasi hazitoshi liligeukia mashamba na maghala, likachoma na kutaifisha chakula. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Nusu karne baadaye, Kenya, Waingereza walifikia uamuzi wa aina hiyohiyo dhidi ya Mau Mau. Wapiganaji wa msituni walikuwa wakiletewa chakula, dawa na habari na wanawake wa vijijini. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wingi, walilazimishwa kuchimba handaki refu lililotenga mashamba na misitu ya Mlima Kenya, ndani yake likachomekwa vijiti vilivyochongwa ncha. Handaki lile halikuchimbwa kumzuia shujaa asiwe na msimamo. Lilichimbwa kuzuia kikapu kisivuke. Adui aliyetumia jasho na fedha kiasi kile kukata njia ya kikapu alikuwa amekwisha kujua harakati zinaishi kwa nini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni kwamba watunzaji wa kweli walikuwa matajiri. John Rupia, mfanyabiashara na makamu wa rais wa TANU, aliisaidia sana TANU kifedha. Dossa Aziz alikipa chama gari. Akina Sykes walikuwa na nyumba na mali. Bila hao, inasemwa, wapika vitumbua wangebaki na vitumbua vyao. Sikatai mchango wao, na ni aibu kwamba majina yao hayatajwi shuleni kwa kiwango yanachostahili. Ila fedha ya tajiri ina tabia yake. Huja mara moja kwa wingi, hununua kitu kinachoonekana, tiketi ya ndege, gari, mashine ya chapa. Mwili wa mtu una njaa kila siku, una nguo za kufuliwa kila wiki, una malaria kila masika. Hakuna tajiri wa Dar es Salaam wa 1955 ambaye angeweza kumlisha kila katibu wa tawi kutoka Lindi hadi Bukoba, na kama angeweza, chama kingekuwa mali yake. Michango midogo ya watu wengi ilikuwa na faida hii ambayo haitajwi sana: ilimfanya mpigania uhuru awe na deni kwa watu wengi kiasi kwamba hakuwa mtumwa wa yeyote.

Wala tusidhani kwamba kutunza kulihusu tumbo peke yake. Kazi ya kudai mabadiliko inachosha kwa namna nyingine, kwa woga, kwa kusubiri, kwa kutukanwa na ndugu wanaoona umepotoka. Mwanamke aliyesimama jukwaani mwaka 1955 mbele ya wanaume aliitwa majina mabaya. Kwa Bibi Titi na wenzake dawa ya hilo ilikuwa safu. Aliyetukanwa mchana aliimba jioni na wanawake thelathini waliovaa kanga kama yake, wakacheka, wakatunzana, wakarudi nyumbani. Mikutano ya hadhara ilikuwa na ngoma na nyimbo, na walioandika historia kwa kutegemea mafaili ya maofisa wa wilaya wameona hapo njia ya kuvuta watu tu. Kwa waliocheza, ngoma ilikuwa ndiyo mapumziko yao, na harakati zisizo na mahali pa kupumzikia huwaacha watu wake wakiwa makapi baada ya mwaka mmoja au miwili.

Lipo pingamizi la tatu, nami nakiri kwamba ndilo linaloniumiza. Utunzaji huu wote uliegemea mabega ya wanawake, bila malipo, na bila mtu wa kuwatunza wao. Tukiusifu leo hatusifu dhuluma? Sehemu ya jibu ni kwamba wanawake wenyewe walipata kitu kikubwa: kadi yenye jina lao na si la mume, safari za mikoani ambazo hakuna aliyewahi kuwaruhusu, sauti. Geiger aliwakuta wengi wakizungumza juu ya miaka ile kwa fahari. Lakini sehemu nyingine ya jibu haina faraja. Ngomani, kutunza kulikuwa na zamu, aliyetoa alipokea. Katika harakati zamu ilikatika. Uhuru ulipofika, deni la wanawake halikulipwa kwa njia ileile lililokopwa.

Chanzo chake kinaonekana katika mambo yaliyotokea baadaye. Mwaka 1962 iliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akiwa kiongozi wake, ili wanawake wote wawe chini ya paa moja. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa na NUTA ikachukua nafasi yake. Mwaka 1968 jumuiya ya ustawi ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Ngoma ziliitwa uwanja wa ndege kuwapokea wageni wa taifa. Kila hatua ilitolewa sababu, umoja, uchumi, usalama, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa na mantiki. Jumla yake ni kwamba zile taasisi ndogo ndogo, ambazo kila moja ilikuwa na mweka hazina wake na wapishi wake, zilimezwa au zikanyauka, na aliyetaka kuendelea kuibadili jamii akabaki na njia mbili: kuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, au kuwa mtu wa kutiliwa shaka asiye na nyumba ya kubisha hodi.

Maisha ya Bibi Titi yanaonyesha hilo kwa uchungu. Alikuwa naibu waziri. Mwaka 1965 alipoteza kiti cha ubunge. Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967, masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kupangisha nyumba, na yeye, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, aliacha ujumbe wake katika Kamati Kuu. Wengi wamemhukumu kwa hilo kama mtu aliyechagua mali. Mimi naona masharti yale, ambayo yalilenga tamaa ya wakubwa na yalikuwa na haki ya kuilenga, hayakumwona mwanamke wa aina yake. Mtu aliyesoma miaka michache, ambaye hakuwahi kuwa na ajira yenye kiinua mgongo, chumba cha kupangisha ndicho pensheni yake. Ndicho pia kilichomwezesha, na kuwawezesha wanawake wengi wa Kariakoo, kumpokea mgeni bila kuomba ruhusa. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akaachiwa kwa msamaha. Ndoa yake ilivunjika, na wenzake wa siasa walijitenga naye. Haki ya hukumu ile inahitaji makala yake. Hapa nataka tuone tu kwamba mwanamke aliyejua kila kiongozi wa ngoma mjini aliishi miaka mingi kimya. Ukumbusho wa miaka 30 ya uhuru, 1991, ulimrudishia heshima hadharani, na alipofariki Johannesburg Novemba 2000 taifa lilimlilia kama shujaa. Barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Kutunzwa baada ya kufa hakumsaidii mtu kulipa umeme.

Kuna wanaosema haya yote yamepitwa na wakati. Mji umekuwa mkubwa, nyumba za vyumba sita zinabomolewa kupisha maghorofa, na watetezi wa haki wa leo wana mashirika yenye wafadhili. Mashirika hayo yapo na yanafanya kazi ya maana. Ule mtandao wa watetezi wa haki za binadamu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika ulioanzishwa Kampala mwaka 2005, na mtandao wa Tanzania, THRDC, ulioanzishwa 2012, imewatafutia watu mawakili na mahali pa kujificha pale hatari ilipowafika. Lakini msaada wa dharura humfikia mtu siku anapokamatwa. Siku mia tatu za kabla yake, kodi ya chumba inapochelewa, mtoto anaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada, usingizi unapokataa, mradi hauna kasma ya mambo hayo, na ufadhili ukiisha nyumba hiyo ya msaada inafungwa. Na si kweli kwamba utaratibu wa zamani hauwezi kusimama katika jiji kubwa. Nairobi, Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park kugoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Kanisa kuu la All Saints, lililo jirani na uwanja huo, liliwafungulia milango, na ndani yake walikaa karibu mwaka mzima, wakila, wakilala, wakiomba, hadi karibu wana wao wote walipoachiwa. Wale hawakuwa wageni wa siku mbili, na mji ule wakati huo ulikuwa na zaidi ya watu milioni moja.

Tena utaratibu wenyewe haujafa, umehama tu. Fungua simu ya Mtanzania yeyote utakuta grupu la michango ya harusi lenye mwenyekiti, mweka hazina, orodha ya ahadi na mtu wa kukumbusha waliochelewa. Utakuta vikoba vyenye daftari safi kuliko la kampuni. Utakuta msiba ambao kabla ya saa sita mchana turubai limefungwa, viti vimefika na sufuria kubwa iko motoni, na hakuna aliyeajiriwa kufanya hivyo. Tofauti iliyopo ni orodha ya wanaostahili. Bibi harusi yumo, marehemu yumo. Mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kuwatetea wenzake, mama anayezunguka vijiji akipinga ukeketaji kwa nauli yake mwenyewe, kijana anayeandika juu ya ardhi ya kijiji chake, hao hawamo mpaka wawe wamefungwa au wamekufa. Mwaka 1955 walikuwemo. Hilo halikutokea lenyewe. Mtu alikwenda kuwaomba viongozi wa ngoma wawaingize.

Alipoulizwa na Geiger, karibu miaka 30 baadaye, jinsi alivyowapata wanawake wale, Bibi Titi alikuwa angali anakumbuka. Alivitaja vikundi vya ngoma kwa majina, kimoja baada ya kingine.